"Zote zinawaka" ya fundi ilivyonitokea puani

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mavazi, maana nina jambo limenikaa kooni na nisipolitema hapa litanikaba. Ni habari ya kioo. Si kioo cha kujitazamia, la hasha. Kioo cha simu, na ndugu yake kioo cha televisheni.

Ni hivi. Dada yangu, yule anayenitangulia kuzaliwa, anauza vitenge. Hana duka. Duka lake ni simu. Anachukua mzigo Kariakoo, anautandaza kibarazani, anapiga picha, anazirusha WhatsApp, wateja wanachagua, bodaboda anapeleka. Simu hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya muhula wa mwisho chuoni. Kwa hiyo nikisema ilikuwa simu ya maana, si kwamba najishaua.

Ijumaa moja nilimwomba niende nayo kwenye sendofu, maana yangu kamera yake ni ya kubahatisha. Akanipa huku akinikazia macho. "Mdogo wangu, itunze." Nikamjibu, "Dada, usiwe na shaka kabisa." Bwana we! Nashuka kwenye daladala pale Ubungo, mguu mmoja chini, mwingine hewani, konda keshagonga bodi na gari linaondoka. Simu ikaruka. Nilipoiokota na kuigeuza, kioo kilikuwa utando wa buibui, nusu nyeusi tii, nusu mistari ya kijani. Tumbo likanikata.

Usiku ule nikamdanganya kwamba nimeisahau kwa mshkaji. Asubuhi na mapema nipo Kariakoo, nimeinama mbele ya meza ya fundi mmoja, kijana mpole tu. Akaitazama, akasema, "Kaka, vioo vyake vipo vya aina mbili. OG laki mbili na themanini. Kopi elfu themanini." Mfukoni nina laki moja na nauli ya kurudi. Nikamuuliza tofauti yake nini. Hakuinua hata macho.

"Zote zinawaka, kaka."

Nusu saa baadaye simu ikawaka kweli. Kitu kimoja tu kiligoma: ile sehemu ya kuweka kidole juu ya kioo ili simu ifunguke. "Hiyo basi tena, atumie namba," akasema fundi. Nikalipa, nikabandikisha protekta mpya juu ya uongo wangu, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Dada alipouliza habari ya kidole, nikamwambia ni mambo ya apudeti, simu za siku hizi zikijiapudeti zinabadilika tabia. Akaamini. Ndugu yako akikuamini namna ile, usifurahi, ogopa.

DALILI ZIKAANZA

Ya kwanza ilikuja siku umeme ulipokatika. Tumekaa gizani, dada anaperuzi, ghafla akasema, "Hivi mbona simu yangu gizani ina ukungu? Zamani nyeusi ilikuwa nyeusi." Nikajifanya sijasikia.

Ya pili ilikuwa chaji. Simu iliyokuwa inafika usiku ikawa inaomba maji saa tisa alasiri. Ya tatu ni ile saa ndogo iliyokuwa inakaa kwenye kioo hata simu ikiwa imelala. Zamani namba zilikuwa zinaelea kwenye weusi mtupu, sasa kioo kizima kikawa kinang'aa kijivu nyuma yake.

Halafu likaja lenyewe. Kamati ya kitchen party iliagiza vitenge kumi na viwili vya sare, rangi ya maziwa yenye maua mekundu. Dada akapiga picha. Kwenye kioo chake akaona rangi imekaa kibuluu, kama kitambaa kimefuliwa na buluu nyingi, wakati kitenge mkononi si hivyo. Akaingia kwenye programu ya kurekebisha picha, akaongeza joto la rangi mpaka picha ikafanana na kitenge. Akaituma. Kwa wenzake wenye vioo vizima, picha ile iliingia ya manjano, na maua yamekuwa kama machungwa. Wakaipenda hiyo hiyo manjano! Mzigo ulipofika ukarudishwa wote siku ile ile, na maneno juu: tapeli, anatuma hiki analeta kile.

Dada yangu hakulia mbele yangu. Alikunja vitenge vyake kimoja kimoja, akaniuliza, "Mdogo wangu, macho yangu yameharibika?" Alikuwa anapanga kwenda kupima macho.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kujua hasa kioo ni kitu gani. Niliyoyapata nakugawia bure, maana mimi nimeyalipia.

TUANZE NA CHOGO

Wa umri wangu tumekua na televisheni za chogo. Zanzibar waliwahi, walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tukasubiri mpaka miaka ya 1990, na mtaa mzima ulikuwa unajazana kwenye sebule moja. Lile chogo halikuwa pambo. Nyuma kabisa kulikuwa na kitu mithili ya bunduki kinachorusha chembe za umeme ndani ya chupa isiyo na hewa, zikigonga kioo cha mbele kilichopakwa unga unaong'aa. Bunduki inahitaji nafasi ya kurushia, ndiyo maana kadiri kioo kilivyokuwa kipana, chogo nalo likarefuka na uzito ukawa wa watu wawili. Chupa ya namna hiyo aliitengeneza Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, kwa hiyo chogo lilitamba zaidi ya miaka mia moja. Si mchezo.

Hata usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, wengi walidhani chogo limekufa. Wapi! Watu walichomeka ving'amuzi, maisha yakaendelea.

LCD: TAA MOJA NA MADIRISHA YA LUVA

Kilicholiua chogo ni LCD. Siri yake ni fuwele kioevu, kitu ambacho ni kama maji na ni kama jiwe kwa wakati mmoja. Aliyekigundua hakuwa fundi wa televisheni wala nini. Alikuwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888 mjini Prague, akichezea mafuta yaliyotoka kwenye karoti! Aliona yanayeyuka mara mbili: kwenye joto la nyuzi 145 yakawa uji wenye ukungu, kwenye 178 yakawa maji safi. Ilipita miaka 80 kabla kampuni ya RCA ya Marekani haijaonyesha, mwaka 1968, kwamba kitu hicho kinaweza kutengeneza kioo cha kuonyeshea. Saa za mkononi na kikokotoo zikafuata miaka ya 1970.

Inafanyaje kazi? Fikiria chumba chenye taa kali nyuma na madirisha ya luva mbele. Taa inawaka muda wote. Umeme unachofanya ni kufungua na kufunga luva, yaani zile fuwele, ili mwanga upite au usipite. Kila tundu lina kichujio chake cha rangi: nyekundu, kijani, buluu. Ukichanganya hizo tatu, unapata rangi zote unazoziona.

Sasa jiulize, luva ikifungwa, mwanga haupenyi kabisa? Unapenya, bwana. Ndiyo maana nyeusi ya LCD gizani ni ya kijivu, ule ukungu aliouona dada. Na kwa sababu taa ya nyuma inawaka hata picha ikiwa nyeusi tupu, chaji inaliwa vile vile. Taa zenyewe nazo, ile nyeupe unayoiona kwa kweli ni taa ya LED ya buluu iliyopakwa dawa ya manjano. Kioo cha bei poa kikichakachuliwa hapo, kila kitu kinakaa kibuluu. Kumbuka vitenge.

Hata hivyo usiidharau LCD. Iliyotengenezwa vizuri, hasa ya aina ya IPS, rangi zake zimetulia, unaitazama kwa ubavu na haibadiliki, na inadumu. Ile ya aina ya TN, inayokaa kwenye laptopu za bei ya chini, ndiyo ukiinama kidogo sura ya mtu inageuka kama negativu ya picha.

OLED: KILA NYUMBA NA KIBATARI CHAKE

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya kioo, wenyewe wanaiita pikseli, inawaka yenyewe. Ni kama mtaa ambao kila nyumba ina kibatari chake. Ukitaka nyeusi, unazima kibatari, basi. Giza lake ni giza la kweli. Waliofungua njia ni Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, mwaka 1987. Televisheni ya kwanza ya OLED iliyouzwa ilikuwa ya Sony, mwaka 2007, na ilikuwa na inchi 11 tu. Simu za Galaxy S zikaja nayo mwaka 2010 kwa jina la Super AMOLED, iPhone ikajiunga mwaka 2017 na iPhone X.

Sasa unganisha na kesi yangu. Simu ya dada ilizaliwa na OLED, mimi nikaipandikizia LCD. Ile saa ndogo ya usiku ilikuwa inawasha vibatari vichache, sasa inawasha taa ya chumba kizima. Ndiyo chaji ikaisha. Na kidole je? Kwenye simu yake, chini ya kioo kuna kijicho kinachotazama alama za kidole kupitia mianya ya katikati ya nukta za OLED. LCD ina taa na karatasi za kusambaza mwanga nyuma yake, kijicho kinatazama ukuta. Apudeti gani! Nilimdanganya dada mchana kweupe.

Lakini OLED nayo si malaika. Bei yake inauma. Vibatari vyake vinachakaa, na vya buluu huchakaa haraka kuliko vingine. Picha ile ile ikikaa sehemu moja miezi na miezi, inaacha kovu lisilofutika. Kwa hiyo wewe mwenye saluni, unayewasha chaneli moja kutwa nzima na nembo yake iko kwenye kona, usinunue OLED, utakuja kuangalia nembo hiyo hata kwenye sinema ya kihindi. Halafu nyingi zinapopunguza mwanga zinafanya kuwaka na kuzima haraka haraka. Jicho halioni, lakini kuna watu kichwa kinawauma. Kama wewe ni mmoja wao, LCD nzuri inaweza kukufaa zaidi.

MANENO YA DUKANI

Hapa ndipo vijana tunapolizwa. Ukiingia dukani unakuta bango: LED TV. Unadhani ni kitu kipya. Hamna! Ni LCD ile ile, ila taa ya nyuma ni ya LED badala ya vimirija vya zamani. Hata hiyo si haba, maana taa za LED za buluu ndizo zilizowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ila isikuzuge, si OLED.

QLED je? Herufi moja tu imebadilika, watu wanabadilishwa nayo bei. Hiyo pia ni LCD, ila imewekewa tabaka la punje ndogo mno zinazosafisha rangi. Punje hizo nazo zilileta Nobel, ya kemia, mwaka 2023. Rangi zake zinavutia na mwanga wake ni mkali, kwa hiyo kama sebule yako ina madirisha makubwa na jua la saa nane linaingia, QLED ni rafiki. Kama unatazama sinema usiku taa zimezimwa, OLED ndiyo mwenyewe.

Mini LED ni LCD ambayo taa ya nyuma imegawanywa vipande vipande, kila kipande kinazimwa peke yake. Inakaribia OLED kwa weusi, ila pembeni ya kitu kinachong'aa, kama mwezi angani, unaweza kuona ukungu kidogo. Plazma waliokuwa wanajidai nayo sebuleni, Panasonic waliacha kuitengeneza, na ilipofika mwisho wa mwaka 2014 Samsung na LG nao walikuwa wametoka. Ukiuziwa leo ni ya mtumba.

Halafu kuna habari ya 4K. Maana yake ni nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, mara nne ya Full HD. Vizuri sana. Lakini kwenye televisheni ya inchi 32, umekaa kwenye kochi upande wa pili wa chumba, jicho lako halitaona hiyo tofauti. Hela hiyo bora uitie kwenye kioo chenye rangi nzuri.

Nisiwasahau wapenda vitabu. Kuna kioo cha wino wa umeme, kilichomo kwenye Kindle tangu mwaka 2007. Ndani yake kuna vijipovu vyenye chembe nyeusi na nyeupe zinazopanda na kushuka kwa umeme. Ukurasa ukishatulia hauli chaji mpaka uufungue mwingine, na juani unasomeka kama gazeti hili. Kwa picha za haraka haufai kabisa. Lakini wa kusoma, hana mpinzani. Juani anakutana labda na kitochi chako cha zamani, maana vioo vile vya nyeusi na kijani vilikuwa vinatumia mwanga wa jua wenyewe badala ya kushindana nao.

UKIENDA KWA FUNDI

Kabla hujatoa hata senti, jua simu yako ilitoka kiwandani na kioo gani. Fundi akikuambia "inseli", hiyo ni LCD, hata kama simu yako ilikuja na OLED. Usimchukie, yeye anauza anachoulizwa. Muulize: hii ni OLED au LCD? Kidole kitafanya kazi? Nikirudisha baada ya wiki utaipokea?

Kabla hajabandika kioo kwa gundi, mwambie akiunganishe kwanza ukijaribu. Fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, ufunike kwa viganja uchungulie. Ukiona kijivu, hiyo ni LCD. Kisha fungua picha nyeupe tupu, uiweke pembeni ya karatasi nyeupe: je, imekaa kibuluu? Gusa kila kona ya kioo, maana tachi inaweza kufa kona moja tu. Na kama unanunua iPhone ya mtumba kuanzia namba 11, ingia kwenye mipangilio sehemu ya maelezo ya simu. Kioo kikiwa kimebadilishwa, simu yenyewe inasema.

Na kama mfuko unaruhusu kopi tu, nunua kopi, hakuna dhambi. Mimi kosa langu halikuwa elfu themanini. Kosa langu ni kumbandikia mtu kioo asichokijua, tena mtu anayekula kwa macho yake.

NILIVYOTUBU

Jumapili iliyofuata nilimkuta dada kibarazani anaweka vitenge kwenye mfuko. Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamweleza yote: Ubungo, konda, fundi, elfu themanini, apudeti ya uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kofi.

Akaniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo macho yangu mazima?"

Nikamwambia, "Mazima, dada."

Akashusha pumzi ndefu. Halafu akasema, "Kuanguka simu ni bahati mbaya. Mimi nimekesha siku nne nikidhani nakuwa kipofu, na wewe upo chumba cha pili unajua." Akaingia ndani. Heri angenipiga.

Miezi mitatu nilikula mihogo mchana na kupanda gari mbili badala ya bodaboda. Kioo cha OLED kikapatikana, kidole kikarudi, nyeusi ikawa nyeusi. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa ile kamati, nikamweleza kosa lilikuwa langu. Mama wa watu alicheka mpaka akafuta machozi, akachukua vitenge sita kati ya kumi na viwili. Sita vingine bado ninavidaiwa, ninavilipia kidogo kidogo.

Dada sasa ananiongelesha vizuri. Ila juzi nilimwomba simu nipigie picha moja tu, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Tumia yako. Zote zinawaka."

Haya msomaji wangu, kwa leo naishia hapa. Kama kuna mtu umembandikia kopi mahali, nenda kamwambie kabla umeme haujakatika. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.